Madumu Mawili

Januari 2010 Unguja ilikuwa gizani. Umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikuwa umekatika tangu Desemba, na pampu za maji nazo kimya. Mimi nilikuwa mapokezi katika nyumba ndogo ya wageni Mji Mkongwe, maji tukinunua kwa madumu kwa watu wa mikokoteni.

Asubuhi moja nikakuta karatasi mezani, imeandikwa na Waingereza wa chumba namba 4, mume na mke: "We desperately need water." Kwamba wanataka maji nilielewa. Lililonishinda ni lile neno "desperately". Nikafungua kamusi yetu isiyo na jalada, nikakuta habari ya kukata tamaa.

Nikashusha pumzi. Kwetu aliyekata tamaa ameshamaliza; hukaa barazani akashika tama, wala hana haraka na mtu. Nikaona hawa wameshakubali yaliyowafika, watangoja mkokoteni wa saa nne kama sisi sote. Nikajimiminia chai. Hata leo sioni kosa katika hoja yangu.

Akaingia Bi Mkubwa, msimamizi wetu. Akaisoma.

"Hii imeletwa lini, mwanangu?"

"Nimeikuta alfajiri, Bi Mkubwa."

"Na umekaa unakunywa chai!"

Kumbe mume anaharisha tangu usiku, na ndoo ya chooni imekauka. Nilipanda ngazi mbio, dumu mkono huu na dumu mkono huu, na yule mke akafungua mlango kabla sijabisha.

Jioni Bi Mkubwa akanifahamisha kwamba hawa wenzetu wakikata tamaa hawaketi, hutapatapa kama mfa maji. "Sema wanataka maji kwa udi na uvumba." Sikumbishia, ila udi na uvumba kwangu vinanukia harusi, kufa na kupona ingekaribia zaidi. Sisi mgonjwa ni mahututi, fukara ni hohehahe, kila mmoja na lake. Wao hilohilo moja linawatosha wote.

Wiki ile Bi Mkubwa akaniagiza nimwandikie tajiri wetu, aliyekuwa akiishi Muscat, barua pepe ya kuomba jenereta. Nikalitia neno langu jipya mara tatu. Hazikupita saa mbili, simu ikalia.

"Nani amefariki?" akauliza.

Jenereta lilifika Machi, umeme ukiwa umesharudi.