"Ni kutembea tu": nilivyojifunza skii Tromsø, mimi mtu wa Tanga

Naanza na lawama. Kila aliyewahi kuniambia skii "ni kutembea tu", Mungu anamuona. Wallahi si kutembea, ni kuteleza juu ya theluji umefungiwa mbao mbili ndefu nyembamba miguuni na fimbo mbili mikononi. Miaka miwili watu tofauti wamenipa ushauri huohuo mmoja, na ushauri huo ndo umenitegua kidole gumba cha kulia mpaka leo nikikamua nguo kinanikumbusha.

Mwenzenu nimekulia Ngamiani, baridi niliyokuwa naijua ni ile ya Lushoto tulipopanda msibani tukalala na masweta. Sa hivi naishi Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norwei, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Mji uko kisiwani, na juu mgongoni mwa kisiwa, katikati ya msitu, kuna njia ya skii yenye taa inatoka kusini inaelekea kaskazini, wenyewe wanaiita lysløypa. Hizo taa sio urembo. Kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi kabisa, mchana unapata mwanga wa bluu masaa machache, ni kama Magharibi imeadhiniwa saa sita mchana halafu watu wanaendelea na kazi zao.

Nyumbani wanadhani huku ni baridi la kuua. Hapana, kuna mkondo wa maji ya vuguvugu baharini unapasha pwani yote hii, Januari mara nyingi inacheza hasi nne hasi tano. Tatizo ni vituko: leo hasi kumi, kesho mvua, keshokutwa barafu kama kioo. Mtaona kwenye habari ya nta.

Kilichonisukuma ni mzee mmoja pale kazini. Akisikia natoka Afrika Mashariki hana habari nyingine ila ya Boit. Philip Boit wa Kenya, Olimpiki ya Nagano 1998, mbio za skii kilomita 10, alimaliza wa 92, yaani wa mwisho, na Bjørn Dæhlie wa hapa Norwei aliyechukua dhahabu akabaki anamsubiri pale kwenye mstari kama dakika 20 ili amkumbatie. Boit akaenda kumpa mwanae jina Dæhlie. Hii stori nimesimuliwa labda mara arobaini, na kila akimaliza mzee ananiangalia miguu. Namwambia mzee wangu, mimi Mtanzania, Boit ni jirani tu. Ananijibu, basi si ni karibu.

Nikaanza na truger, vile viatu vya theluji, maana niliambiwa asiyeweza skii aanzie huko. Ni kama umefungiwa ungo chini ya kila mguu, unatembea umepanua kama bata, kazi yake ni kukuzuia usizame. Sasa mimi kwa akili zangu nikasema kwa nini nihangaike msituni kwenye theluji laini wakati kule lysløypa kumesawazishwa vizuri na mashine, tena kuna mistari miwili imechongwa kama reli ya treni. Nikaingia hapohapo kwenye reli, tap tap tap, najisikia mpelelezi wa ncha ya dunia. Akaja babu mmoja kwenye skii, akasimama, hakufoka, aliinyoosha tu fimbo yake kuonyesha nyuma yangu. Nikageuka. Jamani. Kama mita mia nne za reli nimezifumua zote, utadhani ng'ombe kapita kwenye matuta ya mchicha. Zile reli ndo njia ya skii, hazikanyagwi kwa mguu, na laiti angenifokea ingekuwa afadhali kuliko ule upole. Truger ni za nje ya njia, kule ambako bila hizo unazama mpaka mapajani. Sa hivi nazitumia na nazipenda, ila kama unavuka kwenda milima ya bara angalia kwanza tahadhari ya maporomoko ya theluji kwenye Varsom, tovuti yao ya tahadhari, theluji ya mlimani ikiamua kushuka haiulizi umetoka wapi.

Skii zenyewe niliazima bure pale BUA, wanaazimisha vifaa vya michezo, unajiandikisha unaondoka navyo. Jirani yangu ni Mkongo wa Uvira, watoto wake wanateleza kama samaki, nikamuomba ushauri. "Haiko nguvu dada, ni kutembea tu." Na yeye tena!

Siku ya kwanza nilivaa jinzi. Naomba tusiizungumzie sana, ililoa, ikaganda, wakati wa kurudi ilikuwa imekakamaa kama bati la mgongo wa paa, nilipokaa kwenye basi ililia. Vaa sufu mwilini, hata ya mtumba, pamba haifai kabisa.

Sasa nta. Skii nilizopewa ni zile za kupaka, unapaka chini katikati ili zishike theluji unapopanda. Mama mmoja kazini akaniambia paka ya bluu, bluu ni ya kila siku. Kumbe bluu ni ya theluji kavu ya baridi, na siku hiyo ilikuwa sifuri, theluji imeanza kulowa. Kilima cha kwanza tu, nikipiga hatua moja mbele narudi mbili nyuma, nimeinama nimeshikilia fimbo kama nasukuma gari lililozimika. Nilitoka jasho mpaka miwani ikaota ukungu. Nikarudi nyumbani na hasira, kesho yake nikapaka nyekundu, tena sikupaka, nilipiga plasta. Nyekundu ni ya sifuri na joto kidogo. Na usiku ule kulikuwa kumeshuka hasi saba na theluji mpya imeanguka. Hatua tano, theluji ikaanza kunata chini ya skii kama ugali kwenye sufuria, kila hatua inaongezeka, mpaka nikawa nimeinuka kama nimevaa mchuchumio. Kuteleza hakuna, natembea juu ya mabonge mawili. Ile siku kweli ilikuwa kutembea tu! Ikiwa barafu tupu kuna kitu kinaitwa klister, hicho ni ulimbo mtupu, ule wa kunasia ndege, kikikugusa nywele umekwisha.

Halafu kushuka. Wanasema fanya plog, ncha za skii zikaribiane mbele, visigino upanue nje, utapunguza mwendo. Mimi ncha hazikukaribiana, zilipandana. Kabla sijaelewa nimeshaingia kwenye ukuta wa theluji pembeni, kichwa kwanza, mkono umebaki umenasa kwenye mkanda wa fimbo, na hapo ndo kidole gumba kilipoenda. Nimelala vile naona taa moja tu juu na pumzi yangu, nasikia vicheko. Ni watoto wa chekechea, mstari mzima wamevaa visibao vya kung'aa, wanashuka mmoja mmoja kama shanga. Mmoja akasimama, kamasi puani, akaninyooshea fimbo yake na kuniuliza kwa heshima zote kama anisaidie. Umri wake ukizidi miaka mitano ni kwa siku chache. Nikasaidiwa. Ukiona mwendo umekushinda kaa chini ubavu ubavu, usingoje kuangushwa, hilo hakuna aliyeniambia.

Nilikaa wiki sigusi kitu. Halafu siku moja nasubiri basi nikamuona kijana anasukuma kile kibaiskeli cha kusimama, mguu mmoja juu mwingine unapiga chini, nikakumbuka Phoenix ya marehemu baba. Tulivyojifunza baiskeli enzi zile hufiki kwenye siti, unaweka mguu mmoja kwenye pedeli, mwingine unasukuma ardhi, sukuma, sukuma, halafu unajiachia umesimama juu ya ule mguu mmoja mpaka iishe nguvu. Uzito wote kwenye mguu mmoja! Unapotembea hufanyi hivyo, uzito unagawana huku na huku.

Nikapanda karibu na ziwa Prestvannet kwenye tambarare, nikavua skii ya kulia na fimbo nikazichomeka kwenye theluji. Skii ya kushoto tu mguuni. Sukuma kwa kiatu, jiachie. Sukuma, jiachie. Mara ya kwanza sentimita. Baada ya kama dakika kumi nikawa nateleza urefu wa gari. Nikabadilisha mguu, huo wa kulia mjinga kweli, ukachukua nusu saa. Watu wanapita wananisalimia hei hei, mimi nipo na skii moja kama nimeibiwa nyingine. Nilipovaa zote mbili nikaenda, yaani NIKAENDA, nikapiga kelele peke yangu msituni.

Na hapo ndo nikaelewa habari ya nta pia. Skii imepinda katikati kama upinde, nta iko hapo kwenye mpindo. Usipoikanyaga kwa uzito wako wote mpindo haushuki, nta haigusi theluji, unarudi nyuma hata ukipaka rangi gani. Kwa hiyo ile siku ya bluu kosa lilikuwa la yule mama nusu na langu nusu, ila yeye sijamwambia.

Sa hivi nina zangu, nimenunua za mtumba kwenye Finn, soko lao la mtandaoni, kama krone elfu na kidogo na viatu ndani. Za dukani usiulize, ukigeuza kwa shilingi utakaa chini. Ni zile zina ukanda wa manyoya chini badala ya nta. Jirani Mkongo anasema hizo ni za wavivu. Sawa.

Tarehe 21 Januari jua linarudi mjini, watu wanakula solboller, maandazi fulani ya mviringo yana jamu ndani. Mwaka huu siku hiyo nilikuwa zamu ya jioni, asubuhi nikapanda na maandazi yangu mfukoni, nikaenda kilomita 5 bila kuanguka, mara moja nilikaa mwenyewe kwa hiari. Nilipofika kazini nikamwambia mzee. Akauliza nimetumia muda gani. Saa moja na dakika arobaini, nikasema, kifua mbele. Akafumba macho anapiga hesabu, akasema Boit alimaliza 10 kwa dakika 47, kwa hiyo angekuwa amezimaliza mara mbili na kahawa ameshakunywa.

Nikamwambia mzee wangu, Boit hakusimama kula andazi.