Kilio cha watu

Bado linanichoma lile neno aliloniambia mume wangu safarini. Baba Imani keshalisahau, nina hakika, maana Jumatatu alfajiri kaondoka na lori lenye mzigo wa Amarillo, Texas, huku anapiga mluzi. Mimi ndiye nimebaki nalo.

Tulikuwa tumetoka Tulsa kwa barabara ya zamani, ile Route 66, kuelekea Miami (ya Oklahoma, msije mkadhani tulienda baharini). I-44, haiwei mpya, ilikuwa pembeni, mara inaonekana mara inajificha, na kila ikijitokeza mwenzangu anaitupia jicho kama mtu aliyechelewa kazini. Tulipofika Afton, mbele ya moteli iliyobaki kuta na magugu, nikasema, "Jamani, hapa palikuwa na watu." Nimesema tu, kama mtu anavyosema. Akajibu bila kugeuka: "Mama Imani, unalia kilio cha watu. Wewe hapa ulimjua nani?"

Nikamwambia, "Endesha." Basi.

Wiki yenyewe imejaa: Imani kapata chuo, mimi nimehamishiwa zamu ya usiku, Ba'mdogo kazikwa Korogwe Jumatano nami nikafuatilia kwenye simu iliyokuwa inakatakata. Lakini nikikaa kazini kumsubiri yule bibi ninayemhudumia amalize uji, ninachosikia ni hicho hicho: wewe hapa ulimjua nani. Usiku mwingine namjibu kwa upole, mwingine kwa ukali, na yeye yuko Texas hana habari.

Kwa ukali namwambia hivi. Barabara hii haikuwahi kuwa ya ukoo mmoja. Ilipewa namba yake 1926, kutoka Chicago hadi California, majimbo 8, na aliyepigania ipite kwetu Tulsa ni mtu wa hapa hapa, Cyrus Avery. (Ndiyo, nimeandika kwetu.) Miaka ya 1930 walipita wakulima waliofukuzwa na ukame, magodoro yamefungwa juu ya gari. Weusi walipita na chakula chao kwenye kikapu, wakikadiria wapi wanaweza kusimama kabla giza halijaingia. Ndiyo maana Victor Green, mgawa barua, alianza 1936 kuchapisha kijitabu chenye nyumba za wageni zitakazowapokea. Na kuna ile sheli ya mawe ya akina Threatt, karibu na Luther, hapa hapa Oklahoma. Sheli ya familia ya Weusi, enzi zile, barabara ile ile! Sasa hapo wafiwa ni akina nani, Baba Imani?

Najua atakachosema: Rais Eisenhower alitia saini sheria ya haiwei 1956, na yeye analipwa kwa maili. Kweli tupu. Haiwei ndiyo inayotulisha. Williams ya Arizona, mji wa mwisho wa 66 kukwepwa na haiwei, ilikwepwa 1984, na mwaka uliofuata namba 66 ikafutwa rasmi. Lakini haiwei inakupitisha mahali bila kukufikisha. Hii ya zamani inaingia katikati ya mji, unaona kinyozi, unaona mahakama, unaona nani kaanika nguo. Mimi safari niliyokulia ni basi linalosimama Segera, machungwa yanapandishwa dirishani kabla hujaulizwa kama unayo hela. Safari isiyo na watu naiona ni kuhamishwa tu.

Ila sijawaambia kilichofuata.

Kati ya Afton na Miami kuna kipande cha 1922 ambacho upana wake ni futi 9. Inasimuliwa kwamba fedha zilitosha nusu ya kazi, wakaona bora barabara nyembamba ifike kuliko pana iishie njiani. Namba 66 ilipita hapo hadi 1937. Siku hizi ni kokoto nyingi, lakini kingo za zege bado zipo. Baba Imani akazima gari, akashuka, akaipima kwa hatua. "Futi tisa? Tela langu lina nane na nusu!" Akacheka mpaka akajishika magoti. Kisha akaanza kujiuliza mwenyewe: malori mawili yakikutana hapa, nani anashuka topeni, mwenye mzigo au mtupu? Kutoka hapo maongezi yakatupeleka mlima Kitonga kule Iringa, enzi zake za utingo, nani anampisha nani mlimani, na dereva mmoja aliyempa koti usiku wa mvua. Koti hilo sijawahi kulisikia tangu anioe! Alisimulia mpaka jua likazama. Daraja la upinde nililotaka kuliona Kansas hatukulifika, wala sikulidai.

Pale ndipo ningemuuliza, na wewe hapa ulimjua nani? Sikuuliza. Nacheka peke yangu nikiandika.

Mama hapokei simu tangu jana. Shangazi anasema umeme umekatika, simu haina chaji. Inawezekana. Lakini dawa zake za presha zilikuwa ziishe wiki hii, na pesa niliyotuma haijatolewa.