Mawe ya Hiroshima yalitoka Katanga

Kila ikifika Agosti watu mtandaoni wanaanza stori za wanasayansi Oppenheimer na Einstein na ile fomula ya E=mc², utadhani bomu la atomiki lilitengenezwa kwa chaki na ubao tu. Mimi huwa nauliza swali moja, haya, na urani, yaani yale madini yanayopasuka ndani ya bomu, waliitoa wapi? Wengi kimyaaa.

Sehemu kubwa ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, enzi hizo Kongo ya Mbelgiji. Na haikuwa siri kwa wakubwa, maana hata ile barua aliyoisaini Einstein Agosti 1939 kwenda kwa Rais Roosevelt inaitaja Kongo kuwa ndiko kwenye urani ya maana zaidi. Kanada na Marekani nao walikuwa nayo ila mawe ya kwao yalikuwa hafifu zaidi, wakati ya Shinkolobwe mengine yalifika asilimia 65 ya oksaidi ya urani, na wachimbaji Wakongo ndio walikuwa wanayachambua kwa mikono.

Bosi wa Union Minière, kampuni iliyokuwa na mgodi huo, Edgar Sengier, alikuwa mjanja bana. Mwaka 1940 aliona vita inavyokwenda akapakia zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo melini mpaka New York, mzigo ukakaa kwenye mapipa pale Staten Island hauna mwenyewe. Septemba 1942 jeshi la Marekani likamtuma Kenneth Nichols aje kuulizia, wakaelewana siku hiyohiyo.

Sasa kuwa na mawe si kuwa na bomu, na hapa ndipo mimi napapenda. Urani ya kawaida ina asilimia 0.7 tu ya ile aina ya 235 inayofaa kwa bomu, iliyobaki karibu yote ni 238, na kikemia hizi mbili zinafanana kabisa, huwezi kuzitenga kwa asidi wala nini, tofauti yao ni uzito kidogo tu. Ndiyo wakajenga Oak Ridge, Tennessee, mitambo yenye sumaku za kutisha, atomi zinarushwa humo na ile nyepesi inakata kona kali kuliko nzito, basi unazikinga kila moja kwake. Shaba ya kuzungushia sumaku ilikuwa adimu sababu ya vita, wakaenda hazina ya serikali kuazima fedha, ndiyo, fedha yenyewe ile ya vito, zaidi ya tani 13,000! Na waliokaa kwenye zile mashine wengi walikuwa mabinti waliotoka tu sekondari, kazi yao kuzungusha vinobu mshale usihame, hawaambiwi wanatengeneza nini.

Kazi yote hiyo ikatoa kama kilo 64 za kuweka kwenye bomu la Hiroshima, 6 Agosti 1945 saa mbili na robo asubuhi, na katika hizo hata kilo moja haikupasuka. Hata hivyo mpaka mwaka unaisha watu kama 140,000 walikuwa wamekufa. Na hilo bomu halikuwahi kujaribiwa, lile la jangwani New Mexico mwezi Julai lilikuwa la plutoniamu, si urani, ndugu yake lile la Nagasaki, ambalo lenyewe lilipangiwa Kokura, rubani akakuta mji hauonekani akageuza.

Sengier alipewa medali na serikali ya Marekani mwaka 1946, na kuna madini yanaitwa sengierite kwa heshima yake. Wale waliochambua mawe Shinkolobwe hawakupewa medali, ukiuliza hata jina la mmoja wao hakuna anayekutajia.