Kwa nini tulishuka Grand Canyon mwishoni mwa Septemba

Ukimuuliza mtu hapa Phoenix ni lini uende kushuka mto Colorado kwa boti za mpira ndani ya korongo la Grand Canyon, atakujibu bila kufikiri: majira ya joto. Shule zimefungwa, jua lipo, maji ni baridi, unataka nini tena? Jibu hilo nililipata kazini, nikalipata msikitini, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akanitajia kabisa na mwezi: Julai. Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Kabla ya kupanda chombo nauliza upepo na maji kwanza, joto baadaye. Tena sheria ya hifadhi inamruhusu mtu safari moja tu ya mtoni kwa mwaka, na bei yake si ya kubahatisha.

Shemeji alipoishikilia Julai yake, nikamwambia sawa, twende tukaipime. Kuna safari fupi ya nusu siku inayoanzia chini ya Bwawa la Glen Canyon, karibu na mji wa Page, mpaka Lees Ferry. Ni kama kilomita 24 za maji yaliyotulia, na unapita kwenye ile kona maarufu ya Horseshoe Bend. Tukaenda familia nzima. Jua lilikuwa limeshika kuta za mawe pande zote mbili, hewa inaunguza pua. Shemeji akavua viatu, akatumbukiza miguu kwa furaha, akaitoa mbio. Hakuwa amejua kwamba maji yale hayatoki juu ya ziwa. Tangu bwawa lilipoanza kuzuia mto mwaka 1963, maji hutolewa kutoka kina kirefu cha Ziwa Powell, lililo nyuma ya bwawa hilo, ambako jua halifiki, na kwa miaka mingi yamekuwa yakitoka na nyuzi 10 hivi. Ziwa likipungua sana ndipo yanapopata uvuguvugu. Sasa fikiria hewa ya nyuzi 40 na zaidi, halafu kila baada ya muda unamwagiwa ndoo ya maji ya namna hiyo kifuani. Mwili haujui ujiandae kwa lipi.

Hilo lilikuwa la asubuhi. Mchana mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Utah, na tulipofika Lees Ferry mvua ilikuwa imeshanyesha huko mbali. Juu yetu hata tone halikudondoka. Nikamchukua shemeji tukatembea hadi karibu na pale mto Paria unapoingia. Siku za kawaida Paria ni kijito cha kuvuka bila kukunja suruali sana. Siku ile ulikuwa unateremka na maji mekundu, mazito kama uji wa ulezi, yamebeba matawi na vigogo. Colorado unakuja wa kijani, unakutana na ule wekundu, na kwa kitambo unaona mstari kabisa katikati ya mto, huku kijani na huku udongo. Halafu udongo unashinda. Shemeji akaniuliza, "Shemeji, hapa ndipo mtakapoanzia?" Nikamjibu ndiyo, hapa ndipo maili sifuri, na hadi Diamond Creek, mahali pa kutokea mtoni, ziko 226. Hakuitaja Julai tena.

Mvua za majira ya joto za Arizona huja kati ya Julai na katikati ya Septemba, karibu kila mara alasiri. Hatari yake haiko mtoni penyewe, iko kwenye mabonde ya pembeni, na raha kubwa ya safari hii ni kushuka botini na kutembea ndani ya mabonde hayo. Agosti 2024 mafuriko ya ghafla yaliipiga Havasu Creek, mojawapo ya mabonde hayo, mtu mmoja akapoteza maisha, na zaidi ya watu 100 wakatolewa kwa helikopta. Sikutaka kulipa pesa zote zile kisha niwe nakaa botini natazama mawingu.

Kuna waliosema basi nenda Aprili au Mei. Ushauri huu una hoja: midungusi kakati inachanua maua, joto halijakaza. Lakini hawa hawakuuliza upepo. Majira hayo upepo hupanda korongo kutoka chini kuja juu, yaani unakupiga usoni siku nzima, na anayepiga makasia anavuta kwa nguvu zote ili boti isirudi ilikotoka. Usiku mchanga unaingia hemani, kwenye chakula, kwenye masikio. Mwenye boti ya injini hasumbuki sana. Sisi tulitaka makasia.

Na hapo ndipo nilipoipata tarehe yangu. Boti za injini zinaruhusiwa kuondoka Lees Ferry kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 15 Septemba tu. Baada ya hapo safari zinazoanzia pale zinabaki za makasia, na makampuni yanaendelea kubeba wageni mpaka mwisho wa Oktoba. Mvua zinakatika, jua linapunguza ukali, injini zinanyamaza, vyote karibu wiki moja. Nilipoyaweka haya kwenye kalenda ya jikoni nilimwita mume wangu aje aone. Tukakubaliana: tuanze baada ya tarehe 15 Septemba, tumalize mwanzoni mwa Oktoba. Tena kazini ni rahisi kupewa likizo, wenye watoto wameshamaliza zao.

Nafasi zilikuwa zimejaa, kama inavyokuwa siku zote. Watu hulipia mwaka mmoja au zaidi mbele. Kampuni ya kwanza ilinijibu kwa ufupi nisubiri msimu ujao. Mimi nikawa napiga simu kila Jumatatu asubuhi kwa kampuni kadhaa, nauliza kitu kimoja tu: kuna aliyejitoa? Hili nalisema kwa kujivunia, maana niliambiwa napoteza muda. Malipo ya mwisho yanapokaribia, watu hujitoa: mmoja amepata kazi mpya, mwingine goti limekorofisha. Mwezi Juni dada wa mapokezi, ambaye sasa ananijua kwa sauti, akaniambia zipo mbili, tarehe zile zile. Tulilipa dola elfu tano na ushee kila mmoja, pamoja na chakula na mahema, na bahasha ya bakshishi ya mabaharia mwishoni ni juu yako.

Jambo ambalo sikulisoma popote ni kupwa na kujaa. Mto Colorado chini ya bwawa unajaa na kupwa kila siku, kwa sababu ya umeme. Watu wakiwasha vyombo vyao, bwawa linafungulia maji, wakilala, linapunguza. Julai na Agosti viyoyozi vya Phoenix vinadai umeme mwingi, maji yanakuwa makubwa. Septemba ikienda Oktoba yanapungua. Maji yakipungua mawe yanajitokeza, na mahali kama maporomoko ya Hance, maili ya 77, nahodha anahitaji macho makali zaidi. Hiyo ndiyo gharama ya msimu niliouchagua, na naitaja ili usije ukasema sikukwambia.

Jioni ya kwanza nilichomeka kijiti mchangani pale maji yalipoishia, nikachomeka kingine baada ya chakula. Yalikuwa yanarudi nyuma. Asubuhi kijiti cha kwanza kilikuwa mbali kabisa na mto, na mchanga kati yake na maji umeloa, una mistari midogo midogo niliyoizoea tangu utoto. Kesho yake saa zilikuwa zimebadilika, maana maji yanayofunguliwa bwawani yanachukua saa nyingi kutufikia, na kila tunavyoteremka yanachelewa zaidi. Nikaanza kuandika. Nahodha wetu, kijana wa Flagstaff, akaja akachuchumaa pembeni yangu akitazama vijiti, akaniuliza nimefundishwa na nani. Nikamwambia nimekulia mahali ambapo mashua isiyofungwa kwa kufuata maji unaikuta juu ya matope. Naye alikuwa na hesabu yake kichwani, tukazilinganisha. Kuanzia usiku ule kazi ya kuchomeka kijiti ilikuwa yangu, na kamba zikafungwa ndefu au fupi baada ya mimi kusema yanajaa au yanapwa. Hakuna asubuhi tuliyoamka boti imekaa mchangani.

Maili ya 61 tulikuta Little Colorado haijachafuliwa na mvua: maji ya samawati yenye weupe wa chokaa, vuguvugu ukilinganisha na mto mkubwa. Mabaharia wakatuambia tugeuze majaketi okozi, tupitishe miguu mahali pa mikono, tukae tuteremke na maji. Mume wangu aliteremka akarudi, akateremka akarudi, mpaka wenzake wakaanza kumwita. Kwa wenzetu waliopita Agosti, nahodha alisema, pale palikuwa pa kahawia.

Baridi ipo, tusidanganyane. Mwishoni mwa Septemba mchana bado ni nyuzi thelathini na kitu, lakini jua linachelewa kufika chini ya kuta, na wimbi la saa mbili asubuhi kivulini linauma. Beba koti na suruali ya mvua, zile nzito za wavuvi; zangu nilizipata duka la mitumba kwa bei ya chakula cha mchana. Miguu nayo: unyevu mchana na ukavu usiku vinapasua visigino vibaya. Mafuta ya nazi kisha soksi, kila usiku, na usiruke. Kanga beba hata tatu. Ya kubadilishia nguo, ya kujifunika, na ya kuloanisha na kuitupia mabegani jua likiwa la utosi. Mabaharia wenyewe, wanaume kwa wanawake, wanavaa vitambaa vya kujifunga kiunoni mto mzima, na mmoja alizikodolea macho zangu mpaka nikamwachia.

Wenye watoto wa shule wasiokuwa na njia ya kutoka Septemba, chukueni wiki za mwanzo za Juni. Joto ni kali kweli, lakini mvua hazijaanza na mchana ni mrefu. Na kama mko kundi lenye uzoefu na boti zenu, bahati nasibu ya vibali vya binafsi hufanyika kila Februari kwa ajili ya mwaka unaofuata. Majira ya joto mnapewa siku 16 tu kufika Diamond Creek, wakati wa baridi hadi 25. Tarehe za baridi waombaji ni wachache, kwa hiyo mna nafasi nzuri zaidi ya kupata.