Siku Mjomba Alipoiona Bayleaf

Mjomba wangu ni seremala wa Tanga. Alipokuja Uingereza kututembelea, London haikumsisimua, alitaka kuona kazi ya mbao. Nikampeleka Singleton, Sussex Magharibi, kwenye makumbusho ya majengo ya kale, hadi mbele ya Bayleaf.

Ni nyumba ya shambani ya karne ya 15 kutoka Chiddingstone, Kent. Lilipokuja kujengwa bwawa la Bough Beech, mwishoni mwa miaka ya 1960, ilifunguliwa vipande vipande, ikaja kusimamishwa upya hapo. Ukiitazama kwa mbele, orofa za ncha zote mbili zimetokeza nje, ukumbi wa katikati umerudi ndani, na vyote viko chini ya paa moja.

Mjomba hakuwa na haraka ya kuingia. Alipapasa kigingi kwenye nguzo, akauliza, "Mpwa wangu, misumari iko wapi?"

"Fremu hii imeshikwa na vigingi, Mjomba."

Mhudumu akatueleza. Mwaloni ulichongwa ungali mbichi, kwani ukikauka unashinda patasi. Ulimi wa mbao moja uliingia kwenye tundu la nyingine, ila matundu ya kigingi hayakulingana: lile la kwenye ulimi lilisogezwa kidogo kuelekea bega lake, pale ulimi unapoanzia. Kigingi kikigongwa, kinauvuta ulimi ndani mpaka kiungo kinabana. Nilipomtafsiria, Mjomba alipiga makofi. "Huyo alikuwa fundi bwana!"

Kuta hazikuhitaji mkalimani. Fito zilisukwa, zikakandikwa udongo wenye majani makavu na samadi. Mjomba amekulia katika nyumba ya kukandika, aliijua kazi hiyo tangu utoto.

Ndani ndipo nilipopapenda zaidi. Ukumbi hauna dari, macho yanapanda moja kwa moja hadi kwenye kenchi. Moto uliwashwa katikati ya sakafu, pasipo dohani, moshi ukajitafutia njia paani. Madirisha hayana vioo, yana nondo za mbao na vibao vya kufungia. Mwenye nyumba alikula upande mmoja wa ukumbi. Upande wa pili kulikuwa na vyumba vya kuwekea chakula na vinywaji. Ukisimama hapo unaelewa jinsi moto mmoja ulivyoupanga ukoo mzima.

Mjomba alitembea akiinua kichwa, akihesabu viungo. Tulipoambiwa muda wa kufunga umefika, alikuwa bado anambana mhudumu: patasi zao zilikuwa na upana gani, na nani alizinoa?