Salalah, pwani inayofunikwa na ukungu wa kusi

Kutoka Muscat, mji mkuu wa Oman, hadi Salalah, kusini mwa nchi hiyo, kwa gari ni kama kilomita 1,000, na sehemu kubwa ya njia ni jangwa tupu. Tulipokuwa Haima joto lilipita nyuzi 40. Thumrait tuliipita jua likiwaka vilevile. Kisha tukaanza kuteremka mlima wa Qairoon Hairiti, na mara barabara ikamezwa na ukungu. Shemeji, aliyeshika usukani, akapunguza mwendo na kuwasha taa za dharura kama wenzake wa mbele. Ngamia wakachomoza katikati ya njia, tukasimama wapite kwa raha zao. Watoto waliteremsha vioo, wakatoa mikono nje ili walowe.

Huo ndio msimu wa khareef, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba. Upepo unaouleta ni kusi, huohuo unaovuma kwetu Unguja na Mombasa. Ukifika Dhofar, mkoa ulipo mji wa Salalah, huenda sambamba na pwani na kuyasukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, na maji baridi ya kilindini hupanda kushika nafasi yake. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo hupoa ikawa ukungu, na milima ikauzuia usiende mbali. Ndiyo maana upande wa bahari majani yanafika kiunoni, na nyuma ya mlima ni changarawe na miti ya ubani, ambayo hupenda ukavu.

Kesho yake tulikwenda Mughsail, kiasi cha kilomita 40 magharibi ya mji. Bahari tuliisikia kabla ya kuiona. Karibu na pango la Marneef kuna mashimo kwenye mwamba, yamefunikwa vyuma vya wavu, na wimbi likiingia chini hewa husukumwa juu kwa kishindo. Ukisimama hapo, kwanza unasikia mngurumo chini ya nyayo, halafu pumzi nzito ya chumvi inakupiga usoni, na sekunde moja baadaye maji yanaruka juu ya vichwa vya watu wote. Mama mmoja alikamua mtandio wake, akaurudisha kichwani, akarudi palepale kungoja wimbi jingine.

Tulisogea pembeni kuona kama ukungu utaondoka. Mzee mmoja mwenye kanzu alitusikia tukizungumza, akageuka.

“Mnatoka wapi, wanangu?”

“Shikamoo, mzee. Unguja.”

“Marahaba. Mimi nimezaliwa hukohuko, Ng’ambo. Sasa mnangoja nini?”

Nikamwambia tunangoja kweupe tupige picha.

“Kweupe kuko Muscat, mwanangu. Hapa watu wanaufuata huu ukungu.”

Na ni kweli. Pembeni yetu familia nzima zilitandika mikeka katika rasharasha, wamechemsha chai, hakuna aliyekimbilia garini. Dakika chache baadaye pazia likafunguka: mwamba wote, mchanga mweupe, mawimbi marefu ya kijani yakipasuka moja baada ya jingine. Kabla hatujamaliza kuwaita watoto, likafunga tena. Kuogelea msimu huu haifai kabisa, maji yanavuta.

Mjini tulisimama kwenye vibanda vya kando ya barabara vinavyouza madafu, ndizi na mapapai. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kutoka huko akapanda chombo kuja Dhofar, aliandika habari za minazi na migomba ya hapa. Nilipokunywa dafu lile, mashamba ya minazi yakiwa nyuma ya kibanda na mvua ya manyunyu ikiendelea, nilihisi niko nyumbani kabisa, na sioni haya kusema kwamba machozi yalinilengalenga.

Ukitaka kwenda, nenda Agosti, milima ikiwa imeshika kijani. Weka nafasi ya chumba mapema kwani bei hupanda, beba sweta, na ule mlima uteremke mchana.