Picha ya ndizi: kazi ya kwanza baada ya kuambiwa mtoto ana usonji

Mzazi wa komini ya Katuba au ya Kenya, hapa Lubumbashi, hutoka kwa daktari na neno moja, usonji (autisme, hali inayomfanya mtoto apate shida ya kuwasiliana na watu), bila kujua aanzie wapi. Kama masikio hayajapimwa, yapimwe. Mtoto asiyesikia vizuri naye haitiki jina lake. Halafu mfundisheni kuomba kitu anachokitaka, kwa kutoa picha yake.

Kata ndizi anayoipenda vipande 10 vidogo, maana kikubwa kinamshibisha na somo linakwisha. Bandika picha ya ndizi juu ya kipande cha katoni ya sentimita 5 kwa 5, uifunike kwa skochi (utepe wa gundi). Mama anakaa mbele na ndizi, papa nyuma ya mtoto. Mtoto akinyoosha mkono, papa anauongoza uchukue picha na kuiweka kiganjani mwa mama. Mama anasema "ndizi!" na kutoa kipande papo hapo, akichelewa, mtoto haunganishi picha na chakula. Papa asiseme neno. Siku kwa siku apunguze msaada: mkono, kisha kiwiko, kisha asimguse.

Nyumba nyingi hukwama kwa nkambo (bibi au babu) anayetoa ndizi bila picha, kwa huruma. Msimgombeze, mpeni naye zamu ya kukaa mbele. Na tafadhali, mtoto asinyimwe chakula chake cha kawaida ili aombe.

Lugha? Semeni ile mnayoijua vizuri zaidi, Kiswahili au Kibemba. Kuiacha kwa ajili ya Kifaransa cha shule kunampunguzia mtoto watu wa kuzungumza naye.